Alizeti au mtama, hewa ukaa inapozidi kupanda?

Kabla ya enzi ya viwanda hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 hivi kwa milioni. Sasa imepita 420. Alizeti hunawiri nayo, ila naitrojeni ya jani kwa kawaida hupungua, hivyo kiwavi hutafuna zaidi ili apate protini ile ile. Jani la mtama hubadilika kidogo tu, kwani tayari huikusanya hewa hiyo lenyewe. Hapo mtama unashinda.

Ukaguzi wa wadudu ni rahisi kwenye alizeti: geuza jani. Funza wa mtama hujificha ndani ya bua. Tafuta matundu yaliyopangana mstari kwenye majani machanga, na ukishavuna ondoa mabua, maana humo ndimo anamopitishia kiangazi.

Mkulima wa Kongwa, Dodoma, asiye na wa kuamia kwelea kwelea, ndege walao mtama, apande alizeti. Anayetegemea ugali wa shambani, mtama.