Albamu ya Panini ya Qatar 2022 na kadi za Prizm: mtaji au burudani?

Albamu ya Kombe la Dunia la Qatar 2022, iliyotolewa na kampuni ya Panini ya Modena, Italia, ina nafasi 670 za stika, na hapa Uingereza pakiti moja yenye stika tano iliuzwa kwa peni 90. Niliinunua pamoja na pakiti nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa kuwa nilikuwa nimeaminishwa kwamba picha za wanasoka siku hizi ni mali ya kutia mtaji.

Kama burudani, sina la kuilaumu. Rangi zimekolea, na kubadilishana stika na majirani kulinipa mazungumzo ambayo nisingeyapata kwingine. Kasoro imo katika hesabu. Pakiti za mwanzo hujaza mapengo haraka, lakini kadiri albamu inavyokaribia kujaa ndivyo stika zilizojirudia zinavyorundikana, hata mtu asiyebadilishana na mwenzake atahitaji, kwa wastani wa kihesabu, pakiti zipatazo 949, yaani takriban pauni 854. Nani atainunua albamu iliyobandikwa kwa bei hiyo? Anayewaza kuuza afadhali asibandike chochote, bali atunze seti kamili ya stika pamoja na albamu tupu.

Zilizogombewa zaidi ni stika za ziada za nyota 20, kila mmoja katika rangi nne, yaani damu ya mzee, shaba, fedha na dhahabu, ambazo hazimo katika zile 670. Kufungua pakiti kwa matumaini ya kumpata Messi wa dhahabu ni bahati nasibu tu. Mwezi Septemba 2022 stika ziliadimika nchini Argentina hadi serikali ikawakalisha Panini na wenye vibanda meza moja, na bila shaka wapo waliodhani huo ndio wakati wa kulimbikiza. Uhaba wa namna hiyo, hata hivyo, hukoma pale kiwanda kinapochapa zaidi.

Kadi za Prizm, ambazo Panini ilianza kuzitoa kwa Kombe la Dunia mwaka 2014, ni habari nyingine. Hizi ni kadi ngumu, hazibandikwi, na mchezaji mmoja huwa na matoleo mengi: la kawaida, la fedha, ambalo hung'aa kama upinde wa mvua ukiligeuza kwenye mwanga, na yaliyopigwa namba, ambapo la dhahabu huwa na nakala 10 tu na jeusi nakala moja. Kadi namba 80 ya mwaka 2018, ya Kylian Mbappé, ndiyo inayotajwa sana, lakini anayesema ana "Mbappé wa Prizm" bila kutaja toleo wala hali ya kadi hajasema kitu. Kampuni kama PSA huipa kadi daraja kuanzia 1 hadi 10 baada ya kukagua pembe, kingo, uso na jinsi picha ilivyokaa katikati. Ada ya ukaguzi, posta, ushuru na kamisheni ya mnada vyote hukatwa kwenye faida ya muuzaji.

Ugumu zaidi ni kubashiri. Enzo Fernández, aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora kijana wa mashindano yale, aliichezea Argentina kwa mara ya kwanza Septemba 2022, wakati albamu ilikuwa imekwisha kuingia madukani bila yeye. Wanaoshawishi wengine hupenda kuitaja kadi ya Pelé ya mwaka 1958 iliyochapwa Sweden, ambayo mwaka 2022 iliuzwa dola milioni 1.33. Kadi ile ilichapwa kwa ajili ya watoto wakati hakuna aliyefikiria kuitunza, ndiyo maana zilizobaki safi zinahesabika. Za leo huingizwa kwenye plastiki zikiwa bado mpya.

Kwa hiyo albamu naipa nyota nne kama burudani na moja kama mtaji. Prizm naipa tatu, kwa masharti: nunua kadi moja ya mchezaji unayemfahamu badala ya pakiti zilizofungwa, inunue miezi kadhaa baada ya fainali wakati wengi wamechoka kutazama bei, na kama una nia ya kuiuza, iuze mashindano yajayo yakiwa yamepamba moto. Albamu yangu ina mapengo 11 hadi leo, na sitanunua pakiti nyingine kuyajaza.