Jiko la kigae: kiuno wamekiiga, kazi yake wameisahau

Jiko la mkaa lenye kigae, yaani kikombe cha udongo uliochomwa kinachoshika moto, ambalo wengi hapa kwetu huliita jiko bora, linajulikana kwa kiuno chake: pana juu, limebanwa katikati, pana tena chini. Mnunuzi akikiona kiuno hicho anatoa hela. Lakini kukunja bati hadi lipate kiuno ni kazi rahisi kwa fundi yeyote mwenye nyundo na mkasi, na ndiyo maana sokoni yamejaa majiko yenye umbo hilo yasiyofanya kazi yake.

Kiuno hakikuwekwa kwa urembo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, waliobuni jiko hili Kenya walianza na jiko la ndoo la Thailand, ambalo lina kigae toka juu hadi chini. Ni jiko zuri kwa mpishi wa kule. Huku lina kasoro mbili. Ni zito, wakati jiko la mkaa huwashwa nje na kuingizwa ndani moto ukishakolea, kwa hiyo lazima libebeke. Pili, ndoo ina kitako chembamba. Songa ugali wa watu sita juu yake, mwiko unavuta huku na huku, uone kama halitapinduka.

Kigae kikabakizwa nusu ya juu tu, pale unapokaa moto. Chini pakawa bati tupu la kupokea majivu, na kitako kikatanuliwa. Bati linapojibana katikati ndipo kigae kinapoketi kisishuke. Mkunjo mmoja unabeba kigae, unapunguza uzito na kulifanya jiko lisimame imara. Huo ndio usanifu mzuri: kila unachokigusa kina sababu, na ukikiondoa kuna kitu kinaharibika.

Faida yake ni mkaa. Jiko la bati tupu hutoa joto ubavuni, likachoma hewa na miguu ya mpishi. Kigae hulizuia joto na kulielekeza kwenye sufuria. Akiba inayotajwa kwa kawaida ni asilimia 30 hadi 50 ya mkaa, lakini kiwango cha juu kinapatikana kwa jiko lililotengenezwa sawasawa na mpishi anayejua kutumia mlango mdogo wa chini unaoingiza hewa. Anayeacha mlango wazi maharage yakishachemka anaunguza akiba yote.

Sasa dukani. Usianze na rangi. Gonga kigae kwa kifundo cha kidole: kilichoiva tanurini hulia kama chungu kizima, kibichi au chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Angalia ukingo wake. Chini ya sentimita 2 hivi ni kigae cha kupoteza pesa. Matundu ya sakafu ya kigae yapitishe kidole bila kusukuma. Yakiwa madogo yanaziba majivu na moto unakosa pumzi; yakiwa makubwa makaa mazima yanadondoka chini kabla hayajaisha kuungua, na hapo ndipo fundi mzembe anapokula mkaa wako kila siku bila wewe kujua.

Kisha tazama kile kinachounganisha kigae na bati, kwa sababu majiko mengi hufia hapo. Bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto. Utengenezaji uliokusudiwa ni saruji iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayovimba yakichomwa, ili pawe na tabaka laini kidogo linalozuia joto na kuvumilia mivutano hiyo. Saruji tupu, isiyochanganywa, ni ngumu mno: baada ya muda inapasuka, kigae kinacheza, kisha kinavunjika. Litikise jiko. Likigonga ndani, liache.

Mafiga matatu ya juu yainue sufuria kiasi cha unene wa kidole juu ya ukingo. Yakiwa marefu joto linakimbilia pembeni, yakiwa mafupi sufuria inauziba moto. Mlango nao ufunge mpaka mwisho. Kwenye majiko ya bei ya chini mlango mara nyingi ni kipande cha bati kinachoning'inia tu, na bila mlango unaofunga huwezi kupunguza moto. Mishikio ya bati tupu pia ni kasoro: jiko la kubebwa likiwa na moto linahitaji mshikio usiounguza.

Ukilifikisha nyumbani, usilikoleze siku ya kwanza. Saruji ikauke siku kadhaa, halafu washa mkaa kidogo, viganja viwili hivi, mlango wazi, bila sufuria, kwa muda wa saa moja. Liache lipoe lenyewe. Unyevu uliojificha ndani ya kigae ukigeuka mvuke ghafla, unakipasua. Kwa sababu hiyohiyo usizime moto kwa maji. Funga mlango, uache makaa yafifie yenyewe. Nyufa nyembamba kama unywele hazina neno. Kipande kikianza kubonyea ndani, mpelekee fundi akubadilishie kigae peke yake. Bati likiwa bado zima, hakuna haja ya kununua jiko jipya, na hili ni jambo jingine ambalo waliolibuni walilipatia.

Walilolikosa, au tuseme ambalo kigae hakiwezi kulitatua, ni hewa. Mkaa kwenye jiko hili hautoi moshi wa kukufanya ulie, na ndiyo hatari yake: kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haionekani wala hainuki. Jiko linaonekana safi, watu wanaliingiza chumbani usiku wa baridi na kufunga madirisha. Hakuna kiuno wala kigae kitakachomwokoa aliyelala humo. Pikia penye hewa, na likimaliza kazi lilale nje.