Miche ya mboga za kiangazi Mwanza: kitalu cha ardhini au trei?

Mvua za masika zikikatika, swali ni lilelile: mbegu za kabichi, sukuma wiki na nyanya tuzisie kitaluni au kwenye trei?

Kwa gharama, kitalu hakina mpinzani. Jembe, samadi iliyooza vizuri na nyasi za kutandaza vinatosha. Trei hununuliwa, pamoja na kokopiti (unga wa makumbi ya nazi) au udongo mwepesi wa kujazia, ila ukizitunza utazitumia misimu kadhaa.

Kwa uhakika wa miche, mimi nipo upande wa trei. Kila mche una tundu lake, hivyo ukiuhamisha baada ya wiki 4 hadi 6 unatoka na udongo wake, mizizi haikatiki, na unashika upesi. Kitaluni mbegu zikibanana na maji yakizidi, kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina la mche mchanga, huilaza miche kwa muda mfupi sana. Ukichagua kitalu, sia kwa mistari yenye nafasi ya sentimita 15 na upunguze miche mapema. Tafadhali usimwage mbegu kiholela.

Kwenye matunzo mambo yanageuka. Tundu dogo hukauka haraka kwa jua la Julai, na trei hutaka maji asubuhi na jioni. Kitalu humvumilia anayechelewa kidogo.

Anayeishi mlimani Mabatini, penye mawe kuliko udongo, trei chache kivulini zitamfaa, mradi awepo mtu wa kumwagilia. Mwenye uwanja Buhongwa na anayetaka miche mingi, kitalu. Karoti haimo kabisa: ipande moja kwa moja bustanini, maana ikihamishwa mzizi hupinda.