Uzoefu wangu: nimekwenda kazini na cc 110, 600, 250 na 150, na hii ndiyo niliyobaki nayo

Ni mwaka wa tisa huu naenda kazini kwa pikipiki. Tatu zilikuwa zangu, moja niliazimwa. Njia haijabadilika: kilomita 17 kwenda na 17 kurudi, na katika hizo 9 ni za foleni, 6 ni za barabara kuu ambako malori yanatembea kilomita 80 kwa saa, na 2 za mwisho ni mlima. Naitaja njia mapema kwa sababu anayeuliza "ninunue cc ngapi" bila kusema anapita wapi hajibiki. Mtu wa foleni tupu na mtu wa barabara kuu tupu wanahitaji pikipiki mbili tofauti kabisa, na wote wawili watasema ya mwenzao haifai.

Nilianza na cc 110, na nilikaa nayo miaka 3. Naipenda hadi leo. Ina kilo 100 na kidogo, unaigeuza mahali pembamba kwa kuinua makalio yake tu. Ilikuwa inanipa kilomita 55 kwa lita bila mimi kujibana. Oili ilikuwa inachukua chini ya lita moja, plagi ni moja, vali ni mbili, na hakuna fundi aliyewahi kuiangalia akakuna kichwa. Wanaozicheka pikipiki ndogo wasisahau kwamba chombo cha moto kilichotengenezwa kwa wingi kuliko vyote ni Honda Super Cub, iliyoanza mwaka 1958 na injini ya cc 49, na kufika 2017 zilishapita milioni 100.

Kwenye foleni hakuna iliyowahi kuishinda. Ninaposema hakuna, naihesabu na hii niliyonayo sasa.

Shida ilikuwa zile kilomita 6. Kuna jioni moja upepo ulikuwa unakuja usoni, mimi nimelala juu ya tanki kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Resi nimeizungusha mpaka haizunguki tena. Spidomita inasoma 76, halafu 74, halafu 71. Nyuma yangu semitrela limejaa kwenye saitimira zote mbili, halafu likaanza honi. Pembeni hapakuwa na pa kuchomokea. Naendelea kuminya ule mkono kana kwamba kuna kitu kimebaki mle ndani, na hakikubaki kitu. Ile hali ya kuzungusha resi na pikipiki isijibu ndiyo iliyonifanya niiuze. Mwendo mdogo wenyewe haunisumbui. Nikiwa na 60 na barabara ni yangu, nina raha zangu.

Baadaye nilikaa nikaelewa kilichokuwa kinatokea. Pikipiki nyingi za cc 110 zina nguvu ya farasi 8 hivi, na baadhi inapotelea kwenye gia na cheni kabla haijafika kwenye tairi. Upepo nao una hesabu yake: ukitoka 50 ukaenda 100, upepo unakupinga mara 4 zaidi, na nguvu unayohitaji kuushinda ni mara 8. Kwa mtu aliyekaa wima, mwendo wa 60 unakula kama farasi 3 tu. Mwendo wa 80 unakula 6 na zaidi. Kwa hiyo 110 yangu kwenye 60 ilikuwa na zaidi ya nusu ya nguvu yake mfukoni, na kwenye 80 mfuko ulikuwa mtupu. Ongeza upepo wa mbele, ongeza begi, ongeza mtu nyuma, na hiyo 80 yenyewe inakuwa ndoto.

Tangu hapo kitu ninachokipima kwenye pikipiki ni akiba. Kwenye mwendo ninaoulazimika kila siku, nikiongeza resi, kinatoka kitu au hakitoki?

Ungedhani mtu mwenye akili hizo angepanda ngazi moja. Mimi niliruka nne. Nilinunua cc 600, silinda 4, mtumba uliotunzwa vizuri, kwa sababu muuzaji aliniambia kubwa haichokwi na mimi nilikuwa bado namsikia yule wa semitrela masikioni.

Niwe mkweli, asubuhi ya kwanza barabara kuu nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Unagusa resi, lori limeshabaki nyuma, na hujabadilisha hata gia. Tatizo ni kwamba raha yote hiyo ilikuwa ya kilomita 6. Piga hesabu: kilomita 6 kwa mwendo wa 80 ni dakika 4 na nusu. Kwa mwendo wa 110, ambao hata haukuwa halali pale, ni dakika 3 na sekunde kama 16. Kwa hiyo zile farasi 100 na ushee zilikuwa zinaniokolea dakika moja na robo, halafu naenda kuilipa kwenye foleni, maana usukani ulikuwa mpana na nilikuwa naogopa kupita kati ya magari mahali ambapo na ile 110 nilikuwa napita napiga mluzi.

Foleni ndiyo iliyonivunja. Gia ya kwanza ya ile pikipiki peke yake inavuka 100, kwa hiyo kwenye mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu unaishi kwenye klachi. Unaachia kidogo, unabana. Unaachia kidogo, unabana. Kufika mwisho wa zile kilomita 9, kidole gumba cha mkono wa kushoto kilikuwa kinatetemeka nikishika kalamu. Halafu joto. Injini za maji, yaani zinazopozwa kwa maji, zikifika kiwango fulani cha joto feni inajiwasha, na pale ilipokaa, hewa yote ya rejeta ilikuwa inanijia mapajani. Nilikuwa nasimama kwenye taa nimetanua magoti kama mpanda ngamia. Nguvu yake halisi ilikuwa huko juu ya mizunguko 12,000 kwa dakika, na mimi siku ya kazi sikuwahi kupita 5,000. Nilinunua ghorofa nikawa nalala stoo.

Ilikuwa na zaidi ya kilo 200. Kilo hizo huzisikii ikiwa inatembea, unazisikia unapoirudisha nyuma kuitoa maegeshoni kwenye mteremko mdogo, mvua imenyesha, kiatu kinateleza. Ilinilalia mara moja, polepole kabisa, mbele ya wafanyakazi wenzangu watatu. Wawili walinisaidia kuiinua, wa tatu alikuwa anacheka.

Matengenezo sitayarefusha. Oili zaidi ya lita 3. Plagi 4, na kuzifikia lazima utoe tanki na boksi la kichujio cha hewa. Vali 16. Tairi la nyuma liliisha katikati likawa bapa kama pasi, kwa sababu nilikuwa naenda nalo moja kwa moja kazini na kurudi, kona zenyewe hakuna. Kilomita 17 kwa lita. Niliiuza baada ya miezi 11 na sikulia.

Cc 250 niliiendesha wiki 6, rafiki yangu aliposafiri akaniachia nisiiache betri ife. Silinda 1, ya maji, farasi 25 hivi, kilo 160 na kitu. Kwa kuendesha tu, hii ndiyo bora kati ya zote nne, na nitagombana na yeyote atakayebisha. Kwenye 100 bado ina akiba, kwenye foleni klachi yake ni laini, mlima unaupanda kwa gia ya 5. Ingekuwa barabara yangu kuu ni kilomita 20 badala ya 6, ningenunua hiyo na habari ingeishia hapa. Lakini ilikuwa inakula lita moja kwa kilomita 30, na yeye mwenyewe alishanionya kwamba vipuri vyake vinaagizwa, unasubiri. Pikipiki ya kazini ikilala gereji wiki 2 ikisubiri kipuri, siyo tena pikipiki ya kazini.

Ndipo nikarudi chini hadi 150, na huu ni mwaka wa 5 niko nayo.

Kwanza kituko kidogo. Ubavuni imeandikwa 150 kwa herufi kubwa, kwenye kadi yake imeandikwa 149. Hujaibiwa. Cc ni ujazo ambao pistoni inaufagia ndani ya silinda, na watengenezaji hukadiria namba kwenda juu ili isomeke vizuri. La maana zaidi ni kwamba cc hazikuambii nguvu. Kuna 150 ya vali 2, ya kupozwa kwa upepo, iliyotengenezwa kubeba mizigo: farasi 12 au 13, lakini inavuta kutoka chini kabisa. Na kuna 150 ya vali 4, ya maji, ya kimichezo, yenye farasi 18, lakini ukitaka uzione lazima uipigishe kelele. Zote zinaitwa 150. Kabla hujatoa hela soma mistari miwili kwenye karatasi ya vipimo: nguvu inafika kileleni kwenye mizunguko mingapi, na pikipiki ina kilo ngapi.

Yangu iko katikati: ya upepo, farasi 14, kilo 135, gia 5. Barabara kuu natembea 80 na nikiongeza resi inakwenda 95 bila kugombana. Ikifika 100 inaanza kulalamika, na mimi simlazimishi mzee. Malori nayaovateki, ila kwa kupanga: nashuka gia moja, nasubiri nione mbele pote pako wazi, ndipo natoka. Lita moja inanipa kilomita 43. Mlima peke yangu ni gia ya 4, na mke wangu akiwa nyuma ni gia ya 3, mwendo 50, na bado tunaongea.

Kama unaishi nyanda za juu, ongeza kitu kwenye hesabu hii. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kila unapopanda mita 1,000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwenye mita 2,000 hii 150 yangu ingebaki na farasi 11, yaani ingekuwa 125 iliyovaa nguo za kaka yake.

Jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji: breki. Umoja wa Ulaya na India, wote walipotunga sheria ya kulazimisha ABS (mfumo unaozuia tairi lisijifunge ukibana breki ghafla) kwenye pikipiki mpya, walichora mstari pale pale, juu ya cc 125. Ndiyo maana ukivuka namba hiyo uwezekano wa kuipata ABS unaongezeka ghafla. Yangu inayo tairi la mbele. Imeniokoa mara moja, kwenye lami iliyolowa, gari dogo lilipoamua kukumbuka kwamba linakata kushoto. Lever ilinitetemekea mkononi, tairi halikuteleza, nikasimama nikiwa naangalia namba za gari kwa karibu kuliko nilivyotaka.

Kwa hiyo wakiniuliza, nauliza kwanza kuhusu ile sehemu ya njia yenye kasi kuliko zote ambayo huwezi kuikwepa. Kama haivuki 60, 110 au 125 inakutosha na usiongeze hata cc moja. Utakuwa unalipia joto na uzito. Kama ni 80 na ni fupi, njoo kwenye 150. Kama ni 100 kila siku, kwa muda mrefu, usijitese, nenda 250. Zaidi ya hapo kwa kwenda kazini tu, mimi sijaona kazi yake, na nilikuwa nayo ndani. Na kama leseni ya kwenu inakufunga kwenye 125, mjadala umekwisha kabla hatujaanza. Chukua 125 na uitafute njia ya pili.

Kasoro ya hii yangu ipo. Kuanzia 85 inatetemeka mpaka gari lililo nyuma kwenye saitimira linakuwa mawili. Nilijaribu kuitibu kwa kubadilisha spoketi ya mbele, ile gurudumu ndogo ya meno inayovuta cheni, kutoka meno 14 kwenda 15, injini izunguke pole kidogo barabara kuu. Barabara kuu ilitulia kweli. Lakini mlimani gia ya 4 ikawa haitoshi tena hata nikiwa peke yangu, na kwenye foleni nikaanza kuichezea klachi kama enzi za ile 600. Wiki moja tu, nikairudisha ya 14. Ile ya 15 ipo kwenye boksi la vifaa, nimeifunga kwenye gazeti lenye oili.