Slipingi begi la Memorial: vifaa vya kambi ya Poland kutoka meza ya mtumba

Nina miaka 16, nasoma sekondari hapa Moshi, na Mungu akijalia, mwakani 2027 nitakuwa Poland kwenye Jambori ya 26 ya Skauti Duniani. Kambi itakuwa Kisiwa cha Sobieszewo, Gdańsk, kando ya Bahari ya Baltiki, kuanzia tarehe 30 Julai hadi 8 Agosti. Kikosi chetu kina vijana tisa, na kwa miezi mitano tulikuwa tunafahamiana kwa sauti tu, kwenye grupu la WhatsApp. Juni, shule zilipofungwa, wanne tukakutana kwa mara ya kwanza: mimi, mwenzangu wa Mwanza, wa Dodoma na dada mmoja wa Unguja aliyevuka kwa boti hadi Dar kisha akapanda basi hadi Moshi. Tulikuwa na kambi ya mazoezi ya siku tatu Marangu, na siku moja ya kununua vifaa.

Ninachokitathmini ni meza moja ya mitumba Soko la Memorial, pamoja na vitu vitatu nilivyochukua pale: slipingi begi (mfuko wa kulalia), begi la mgongoni la lita 65 na poncho (vazi pana la mvua). Vyote nimevitumia, vikanyeshewa, vikaburuzwa kwenye tope la Marangu.

Kwa wasioijua Moshi, niwaeleze kwa nini mtumba wa hapa ni tofauti. Wageni wanaoshuka Kilimanjaro huwaachia wagumu baadhi ya vifaa vyao. Wagumu ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitwa huku, na jina limewafaa. Makoti, soksi nene, tochi za kichwani, mabegi. Mgumu akishakuwa na vya kumtosha, vingine huviuza. Vinaishia sokoni vikichanganyika na vya belo la kawaida. Kwa hiyo kwenye meza hii unaweza kukuta jinzi zimekaa juu ya begi lililolala kambi zote hadi Kibo.

Mwenye meza ni mzee aliyewahi kuwa mgumu mpaka magoti yalipomkatalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mnapanda?"

"Hapana mzee, tunajiandaa na kambi ya mwakani. Ulaya."

"Ulaya wapi? Baridi za Ulaya ni nyingi."

Swali hilo hakuna muuzaji mwingine aliyetuuliza. Tukamweleza: Poland, katikati ya kiangazi chao, pwani, usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 13 au 14, na Julai ni miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi kule. Mimi nilikuwa nimeshashika slipingi begi kubwa jekundu, limejaa manyoya ya bata, bei 120,000. Akalichukua mikononi mwangu taratibu, akalirudisha kwenye msumari. "Hili ni la Kibo, mwanangu. Utachemka humo. Na manyoya yakilowa, basi, halikupi joto tena." Akatoa la kijani, dogo, la pamba ya poliesta, shilingi 45,000. Tukapatana 38,000. Mfanyabiashara aliyekataa 120,000 mbele ya macho yangu, mimi nilimwamini kuanzia hapo.

Kisha akatufundisha kusoma lebo, na somo hili ndilo ninalotaka kila kijana anayejiandaa na kambi alipate. Ndani ya slipingi begi lililopimwa kwa kiwango cha kimataifa kuna namba tatu za joto. Langu linasema 5, 0 na -15. Namba ya kwanza ndiyo yako: ni baridi ambayo mwanamke wa kawaida atalala nayo kwa raha hadi asubuhi. Ya pili ni ya mwanaume anayelala amejikunja na bado anapata usingizi. Ya tatu ni ya kuokoa roho. Hapo hakuna kulala, unapigania usife kwa baridi. Wiki moja kabla tulikuwa tumepita duka moja la vitu vipya, muuzaji akatuonyesha slipingi begi la 180,000 akisema "hili ni la -15". Sikujua cha kumuuliza. Ningelinunua kwa kuamini ile namba ya tatu. Ninasikitika nikiwaza ni wazazi wangapi wanajinyima ili mtoto aende safari, halafu hela inaondoka kwa namba moja iliyosomwa vibaya.

Zipu ya langu ilikwama kwenye goti. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema tuipandishe na kuishusha mara tatu kabla ya kulipa. Hatua chache kutoka pale kuna fundi mwenye cherehani. Akabadilisha kichwa cha zipu kwa shilingi 3,000, dakika kumi tu, na bila kuombwa akapitisha uzi upya kwenye kona ya miguuni iliyokuwa imeanza kufumuka. Mpaka leo zipu inateleza vizuri.

Begi la mgongoni lilichukua muda mrefu zaidi kuliko vyote. Nilidhani unachagua rangi na mifuko. Mzee akatumbukiza ndani kiroba cha unga cha kilo 10 alichoazima dukani, akanifunga mkanda wa kiunoni, akaukaza, halafu ndipo akalegeza ya mabegani. "Tembea." Nikazunguka soko mara mbili na mzigo. Uzito ukae kwenye nyonga. Begi likikuvuta mabega nyuma, mgongo wake ni mrefu kuliko wako, liache hata kama ni zuri. Dada wa Unguja ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima. Alijaribu manne. La nne lilikuwa dogo na limepauka kwa jua, lakini lilimkaa kama lilishonwa kwa ajili yake, akalipata kwa 40,000. Mimi nilitoa 60,000. Mwenzetu wa Dodoma alikosa saizi yake, na mzee hakumlazimisha.

Sasa Marangu. Tulipanda gari la Himo, tukafika na ukungu. Anayefikiri Tanzania haina baridi aje kulala kwenye turubai chini ya Kilimanjaro mwezi wa sita. Usiku wa kwanza manyunyu hayakukatika. Dada wa Unguja hakuwahi kuvaa soksi kitandani maishani mwake. Usiku ule alivaa mbili. Lakini tulilala. Slipingi begi langu lilinitosha na sweta moja, na saa kumi alfajiri, baridi ilipokuwa kali kuliko wakati wowote, nilikuwa na joto hadi vidoleni. Kwa baridi ile, pwani ya Poland kiangazi sina wasiwasi nayo.

Mwenzetu wa Mwanza alikuja na slipingi begi jipya, alilonunua kwingine kabla hatujakutana. Halikuwa na lebo ya namba hata moja. Saa sita usiku zipu ilipasuka kuanzia kiunoni hadi miguuni. Hakusema kitu, nilimsikia tu anatetemeka. Tukaamka, tukachemsha maji, tukayatia kwenye chupa ngumu, tukaifunika soksi na kumwekea miguuni, mbinu tuliyopewa na mzee wa Memorial wakati anatufungia mizigo. Dada wa Unguja akatoa kanga zake mbili, tukamfunga nazo juu ya slipingi begi. Nilikuwa namfahamu kwa sauti kwa miezi mitano, lakini rafiki yangu amekuwa usiku ule. Asubuhi tulikunywa mtori mmoja, bakuli kubwa, vijiko vinne.

Jaribio jingine tulipewa na kiongozi wetu. Jambori iliyopita ilikuwa SaeManGeum, Korea Kusini, Agosti 2023, vijana zaidi ya 40,000 kwenye ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini. Joto liliwaangusha wengi, kisha kikatangazwa kimbunga Khanun, na kambi nzima ikahamishwa kwa mabasi kabla ya siku zake kwisha. Kwa hiyo anataka kila mmoja wetu aweze kufunga vitu vyake vyote na kuvibeba mwenyewe. Alipiga filimbi saa kumi na moja alfajiri, giza, mvua. Nilimaliza kwa dakika 12 na begi likafungika. Hapo ndipo nilipoona faida ya lita 65 yenye mlango wa chini: slipingi begi linaingia peke yake bila kupindua nguo zote. Ila mvua ilipenya kwenye mshono wa juu. Begi la mtumba, dawa yake ya kuzuia maji imeshakwisha, kwa hiyo kila kitu kiwe ndani ya mfuko wa nailoni kwanza. Poncho, shilingi 8,000, ilinifunika mimi na begi kwa pamoja. Sina lawama nayo.

Yasiyonifurahisha yapo pia. Hakuna risiti, na ukishaondoka umeondoka. Mahali pa kujaribia ni pale pale njiani, watu wakikupita. Vitu vina harufu. Slipingi begi langu nililikanyaga kwa miguu kwenye beseni na sabuni kidogo, bila kulikamua, likakauka kwa siku mbili juani. Hema za pale sizishauri, kwa sababu nyingi zimepoteza fito zake. Godoro la kujaza upepo ndiyo kabisa usiguse, tundu la sindano hulioni mpaka usiku. Na viatu: kiatu cha kupandia mlima kinaweza kuwa kizuri machoni huku soli yake imeshakufa, kwa sababu soli za polyurethane huharibika zenyewe kwa unyevu zikikaa miaka mingi, hata bila kuvaliwa. Mimi vyangu nilivinunua kwingine, na siku ya pili Marangu soli ya kushoto ilimeguka kama mkate mkavu. Viatu nitanunua vipya, hilo nimeshakubaliana na mama.

Jumla nilitumia 109,000 pamoja na fundi. Bado chini ya bei ya lile slipingi begi moja la dukani. Kwa vifaa naipa meza hii nyota nne kati ya tano, kwa mzee mwenyewe tano kamili.

Ukienda, fika kabla ya saa tatu asubuhi, maana wagumu wenyewe huwahi. Muulize yeyote upande wa mabegi akuonyeshe mzee aliyekuwa mgumu. Mwambie unakwenda wapi kabla hujamwambia unataka nini. Beba tepu ya kupimia mgongo, kutoka ule mfupa wa shingo hadi usawa wa nyonga, na kama unamnunulia mtoto, mpeleke mwenyewe.

Mwenzetu wa Mwanza anakuja Desemba. Mzee ameshapewa urefu wake na anamwekea slipingi begi la kijani kama langu, lenye 5 kwenye namba ya kwanza. Wa Dodoma anangoja begi la saizi yake. Na dada wa Unguja ameahidi kuleta kanga tisa, tukate skafu za kubadilishana na vijana wa nchi nyingine kule Sobieszewo. Fundi wa zipu amesema atazipinda kingo zote kwa shilingi 500 kila moja.