Forodhani kwa mtu mwenye goti bovu

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko chini, kwenye mojawapo ya yale majumba marefu ya Michenzani, mjini Zanzibar, na nyumbani ni ghorofa ya nne, ninakoishi na mama. Mama ana goti. Tangu goti lianze, hatuulizani tena huko tuendako kuna nini. Tunaulizana: pa kukaa papo?

Kwa hiyo msitegemee humu sifa za machweo na pweza. Wageni wameshaziandika za kutosha. Nimekwenda Bustani ya Forodhani, ile ya ufukweni Mji Mkongwe, Jumapili tatu mfululizo na mama huyo, bibi wa miaka 78, mkongojo, chupa ya maji na mto mdogo wa sufi nilioushona mwenyewe, na hapa naeleza kiti kwa kiti.

Niseme kwanza kilichotupeleka huko. Mwezi mmoja kabla tulikwenda mkahawa mmoja wa ufukweni, jina silitaji. Mbele yake pana mabenchi mazuri ya mbao, yanatazama bahari. Tukakaa. Haikupita hata dakika tano, kijana akaja kwa adabu zake zote: "Shikamoo bibi. Samahani, hapa ni kwa wateja." Mama akaitikia marahaba, akashika mkongojo, akaanza kazi ya kunyanyuka, na kwa mama kunyanyuka ni kazi kweli. Nikaagiza chai ya tangawizi ili akae. Chai ile ilikuwa kodi ya benchi, na wala haikuwa na tangawizi.

Forodhani hakuna wa kukuuliza. Hiyo ndiyo alama yangu ya kwanza, na ndiyo kubwa.

Jumapili ya kwanza tulifika saa 8 mchana, kosa langu. Mchana ule katikati ya bustani pako kama sinia lililoachwa juani: njia zinametameta, jukwaa la bendi limesimama peke yake, hakuna mtu. Watu wote wako pembeni, chini ya miti mikubwa, wamejibanza kwenye kuta fupi. Nilikaa nikawatazama na nikaona jambo nililolijua bila kulijua. Mtu akipewa uwanja mzima, haendi katikati. Anatafuta mahali ambapo mgongo una kitu nyuma yake na macho yana kitu mbele. Wawili waliokuja baada yetu walizunguka bustani nusu nzima wakipita mabenchi yaliyo wazi, wakaja kukaa karibu na sisi, kwa sababu sisi tulikuwa na kivuli na mti mgongoni.

Na hilo wazee wetu walilijua siku nyingi. Baraza ni nini kama si hilo? Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kila anayekuja anapiga picha milango. Milango mizuri, sikatai. Lakini ningekuwa mimi ningepiga picha baraza, yale mawe marefu yaliyojengwa kuambatana na ukuta wa nyumba. Mwenye nyumba anampokea mgeni bila kumwingiza ndani kwa wake na binti zake. Mpita njia anapumzika. Mvua kubwa ikishuka na uchochoro ukawa mto, unapita juu yake kama njia ya miguu. Jiwe moja, kazi tatu, na hakuna aliyeandika kwamba ni kwa wateja.

Ila na mimi niseme ukweli wangu wa kike. Baraza nyingi ni za wanaume. Jaws Corner, pale Sokomuhogo, kahawa tamu na domino inagongwa mpaka masikio yanauma, lakini sijawahi kukaa. Hakuna aliyenikataza. Napita tu na mwendo unaongezeka wenyewe. Mama anasema enzi zake alikuwa akipita pale amejifunika buibui hata macho hayaonekani, na alikuwa anajua nani amefunga goli gani. Forodhani mwanamke anakaa. Anakaa na wanawe, anakaa na mashoga zake, anakaa peke yake na simu, na hamna kichwa kinachogeuka. Sijui fundi gani angeweza kuchora hilo kwenye karatasi. Nadhani linatokana na upana: njia zaidi ya moja za kuingia na kutoka, huku Ngome Kongwe, huku bahari, na watu wa kila namna kiasi kwamba hakuna kundi linaloweza kusema hapa petu.

Jumapili ya pili tukawa wajanja, tukaenda saa 10 alasiri. Jirani alitushusha na gari yake karibu na Ngome. Hapo ndipo bustani inapoanza kuamka. Wenye vibanda wanasukuma meza zao, wanawasha makaa, wanavaa zile kofia nyeupe za wapishi. Vijana wameshajipanga juu ya ukuta wa bahari, na mmoja baada ya mwingine wanakimbia, wanachupa, wanapanda, wanachupa tena. Huo ukuta ndio kiti bora kuliko vyote, na wala haukujengwa uwe kiti. Ni wa kuzuia mawimbi. Watu wamekaa kuanzia mwisho huu hadi ule, miguu inaning'inia juu ya maji. Mama hawezi kuning'iniza miguu, lakini alikaa kwa kugeukia ndani, mto wa sufi chini yake, akawa anatazama watu na mimi natazama bahari, tunahadithiana. "Yule amenenepa." "Nani?" "Usigeuke!"

Kuhusu urefu wa viti, maana hili ni fani yangu. Mama akikaa chini ya inchi 16 hanyanyuki bila mtu. Nilikwenda na futi yangu ya kushonea mfukoni, nikapima kuta na mabenchi nikijifanya nimeangusha kitu. Kuta nyingi za kuzungukia miti zinamfaa. Sehemu chache ziko chini mno, za kijana. Kinachokosekana ni cha kuegemea na cha kushika. Jiwe halina mkono. Mzee anahitaji mkono wa kiti si kwa kukaa, ni kwa kuondoka.

Wenye umri wangu wanakumbuka palivyokuwa kabla ya ukarabati: vumbi kaskazi, tope masika, taa za kubahatisha. Aga Khan Trust for Culture ndio waliopatengeneza, pakafunguliwa upya mwaka 2009, kwa njia mpya, taa, mifereji na ukuta wa bahari uliokarabatiwa. Mama anakumbuka mbali zaidi, anapaita Jubilii mpaka leo, kwa jina la bustani ilipoanzishwa mwaka 1936. Na jina la Forodhani lenyewe ni la zamani kuliko bustani, la forodha, enzi mizigo inateremshwa hapo kabla ya bandari ya Malindi. Mahali pamebadilishwa majina na wenyewe, watu wakabaki na jina la ushuru.

Kitu kimoja kimetuharibia mwonekano, na si kosa la bustani. Beit el-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka upande wa mbele na mnara wake wa saa tarehe 25 Disemba 2020. Zamani ukikaa ukutani ukatazama ndani, ile saa ndiyo ilikuambia uinuke urudi nyumbani. Mama bado anainua macho kuitafuta.

Chakula nitapita haraka. Urojo nilikula mzuri, wa ukwaju hasa, shilingi 3,000. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, chukueni. Pizza ya Zanzibar mimi naiona ni mantabali, ile chapati ya kukunjia nyama na mayai, aliyebadilishiwa jina apate pasipoti. Samaki ulizeni bei kabla hajawekwa motoni, na ulizeni kwa Kiswahili chenu cha nyumbani. Moshi upepo ukigeuka unakuja wote usoni, nguo zangu zilinuka mishikaki hadi Jumanne.

Nikirudi kwetu Michenzani ndipo naona tofauti. Majumba yetu, yaliyoanza enzi za Mzee Karume kwa ushirikiano na Wajerumani Mashariki, yana barabara pana za fahari katikati, na kwenye michoro bila shaka zilipendeza. Hazikuwa na baraza. Basi watu wamejitengenezea wenyewe: ubao juu ya matofali, tairi, kiti cha plastiki kilichofungwa mnyororo kisiibwe. Mbele ya cherehani yangu lipo benchi nililopigilia mimi, na mchana wote halikosi mtu. Wengine hata nguo hawashoni.

Jumapili ya tatu sina la kueleza. Tulikaa tu, kuanzia alasiri mpaka baada ya magharibi, hatukununua kitu, hatukuulizwa kitu.

Kama mnakwenda, nendeni saa 10, na mto wenu. Mkikuta bibi amekaa ukutani karibu na mti, amegeuzia bahari mgongo, mkongojo mapajani, nafasi ipo. Kaeni kushotoni kwake; sikio la kulia halisikii vizuri.