Rozari ya kamba, miezi minne nikiitumia hapa Bagamoyo

Naandika sababu nilivyokua natafuta sikuona mtu ameeleza, watu wanaandika "nzuri sana amina" basi.

Mi nakaanga samaki karibu na pale madau yanaposhushia. Rozari zangu za mwanzo zote zilikua za cheni, zile za kung'aa, na zote zimekufa, chumvi ya bahari na mafuta ya karai miezi miwili tu cheni imeota kutu, ya mwisho ilikatika niko tendo la tatu, yani fungu la tatu kati ya matano ya sala, shanga zikamwagikia kwenye unga wa ngano nikawa naokota moja moja wateja wanacheka. Hii ya kamba nimeichukua elfu tano kwa mama mmoja ana kiduka cha vitu vya ibada, ukiingia ni Tumsifu Yesu Kristo kwanza ndo uulize bei.

Haina shanga, ni mafundo matupu, ikishika shombo unafua na sabuni unaanika. Kasoro ipo. Fundo la Baba Yetu limelingana na la Salamu Maria, nilikua napitiliza najikuta niko Salamu Maria ya 13 badala ya kuishia 10, mpaka nikafunga uzi mwekundu mwenyewe. Na rangi inachuja ile mara ya kwanza, mkono ulikua bluu siku nzima.

Sasa mi nilikua Mkatoliki wa amri za Kanisa, mnanielewa, Misa Jumapili na sikukuu za amri, kuungama mara moja kwa mwaka tena ile Kwaresima inaisha, komunyo Pasaka, kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, zaka mpaka jumuiya wanikumbushe. Kama mtu aliyelipa kodi ya chumba, asigongewe mlango. Rozari haimo kwenye hizo amri, usiposali huna dhambi, na mi ndo hapo ilinishika yani, hakuna anayenidai. Alfajiri nikisubiri madau napata matendo mawili, yaliyobaki jioni nikisugua makarai. Alhamisi tu ndo nasumbuka, siku hiyo ni Matendo ya Mwanga, yale aliyoongeza Papa Yohane Paulo II mwaka 2002 bado nayachanganya, nimebandika karatasi kwenye ndoo ya unga.

Kuna mzee mteja wangu ana tasbihi yake, akaniuliza mwanangu mbona yako fupi, yangu 99. Nikamwambia yangu 59 babu. Akasema basi zungusha mara mbili.

Kingine, haiuzwi ikiwa imebarikiwa, unaipeleka mwenyewe kwa padre Misa ikiisha. Mi nilienda kule misheni ya zamani, ile wamisionari wa Roho Mtakatifu waliyoanzisha 1868, nikaisali mara ya kwanza pale kwenye pango la Bikira Maria, mbu wapo ila kumetulia.

Nyota nne. Nyeupe msichukue kama mnashika mafuta, na msisubiri Oktoba, mwezi wa rozari pale dukani zinabaki za cheni tu.